Homoni ya kike ndani ya mwanaume: estrojeni inavyojenga na kuharibu mbegu za kiume

Mwambie mwanaume kwamba mwilini mwake kuna estrojeni, atacheka au atakasirika. Estrojeni si ndiyo homoni ya wanawake? Ile inayoleta matiti na hedhi? Ni kweli, lakini habari haiishii hapo. Kila mwanaume mzima anatengeneza estrojeni kila siku, na sehemu yake inatengenezwa humo humo kwenye korodani, pale pale mbegu zinapozaliwa.

Shida iko kwenye kiasi. Ikizidi, mbegu zinapungua. Isipofanya kazi kabisa, mbegu zinaharibika vilevile. Na siku hizi ambapo kijana anaweza kuchomwa sindano ya testosteroni gym bila kumuona daktari, jambo hili linahitaji kuelezwa vizuri, kwa sababu kuna wanaume wanaotafuta mtoto usiku na mchana huku wao wenyewe wakiifunga njia bila kujua.

Mwanaume anaipata wapi estrojeni?

Anaipata kutoka kwenye testosteroni yake mwenyewe. Mwilini kuna kimeng'enya kinaitwa aromatasi. Kazi yake ni kuchukua testosteroni na kuigeuza kuwa estrojeni, hasa ile aina yenye nguvu inayoitwa estradioli. Kimeng'enya hiki kipo kwenye mafuta ya mwili, kwenye ubongo, kwenye mifupa na kwenye korodani. Hata mbegu zenyewe zinacho.

Kwa hiyo bila testosteroni hakuna estrojeni, na testosteroni ikiwa nyingi, estrojeni nayo huwa inapanda. Shika hapo, tutarudi kwenye sindano.

Wanasayansi wamelijua hili muda mrefu. Mwaka 1934 Bernhard Zondek alipima mkojo wa farasi dume akakuta umejaa estrojeni kwa wingi wa kushangaza. Farasi dume! Mnyama ambaye watu wanamsifia kwa nguvu. Wakati ule hakuna aliyeweza kueleza inafanya kazi gani, na kwa karibu miaka 60 iliyofuata wengi waliichukulia kama takataka tu iliyobaki baada ya testosteroni kutumika.

Kazi yake ilivyogunduliwa

Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walitengeneza panya ambao miili yao haiwezi kuipokea estrojeni. Homoni ipo, lakini kipokezi chake kikuu hakipo, kama simu inayoita kwenye nyumba isiyo na mtu. Madume wa panya hao walikuwa wagumba.

Sababu ilieleweka mwaka 1997. Mbegu zikitoka korodanini zinakuwa zinaelea kwenye maji mengi. Kabla hazijafika kwenye epididimisi, yaani ule mrija mrefu uliojikunja nyuma ya korodani ambako mbegu hukomaa na kujifunza kuogelea, zinapita kwenye vimirija vidogo vinavyofyonza sehemu kubwa ya maji hayo. Estrojeni ndiyo inayoviwezesha vimirija hivyo kufyonza.

Fikiria mchuzi uliowekewa maji mengi halafu moto umezimika. Hauwezi kukolea. Kwa panya wale ilikuwa hivyo: maji hayakufyonzwa, mbegu zikabaki zimetawanyika, na baya zaidi, maji yakarudi nyuma na kuikandamiza korodani. Ikavimba kwanza, halafu ikasinyaa.

Na kwa binadamu? Mwaka 1994 madaktari wa Marekani waliandika habari za mwanaume wa miaka 28 aliyezaliwa na kasoro kama hiyo. Estrojeni ilikuwepo kwenye damu yake, lakini mwili haukuisikia. Alikuwa na urefu wa sentimita 204 na alikuwa bado anarefuka, kwa sababu estrojeni ndiyo inayoiambia mifupa iache kurefuka, hata kwa wanaume. Mifupa yake ilikuwa dhaifu. Idadi ya mbegu zake ilikuwa ya kawaida, lakini zilizokuwa hai zilikuwa asilimia 18 tu. Leo Shirika la Afya Duniani linachukua asilimia 54 kama kiwango cha chini cha mbegu hai.

Kwahiyo huwezi kuiita takataka. Bila hiyo mbegu zipo kwenye hesabu, lakini nyingi zimekufa.

Ikizidi inaharibu vipi?

Hapa lazima tupande juu hadi kichwani. Kiwanda cha mbegu kiko chini, lakini ofisi ya meneja iko kwenye ubongo. Tezi ya pituitari inatuma homoni mbili: LH, inayoziamuru korodani zitengeneze testosteroni, na FSH, inayosaidia seli zinazolea mbegu changa. Ubongo nao unafuatilia kazi inakwendaje, na moja ya vitu unavyovitazama sana ni estrojeni.

Estrojeni ikipanda, ubongo unaona homoni zinatosha. Unapunguza LH na FSH. Korodani zinapunguza kazi. Testosteroni ya ndani ya korodani inashuka, na mbegu zinapungua idadi, na kwa wengine mwendo na umbo lake navyo vinaharibika.

Neno la kuzingatia hapo ni "ndani ya korodani". Testosteroni iliyomo humo ni nyingi mara dufu kwa dufu kuliko iliyoko kwenye damu, na mbegu zinahitaji wingi huo ili zikomae. Testosteroni ya kwenye damu peke yake haitoshi. Watu wengi hawalijui hili, na ndipo wanapoumia.

Kitambi

Mafuta ya mwili sio mzigo tu wa kubeba. Yana aromatasi. Kadiri kitambi kinavyokua ndivyo testosteroni nyingi zaidi inavyogeuzwa kuwa estrojeni, ubongo unapunguza amri, testosteroni inashuka, na testosteroni ikishuka mwili unazidi kuhifadhi mafuta. Mduara huo. Ongeza na joto: mwanaume mnene anakaa muda mrefu, mapaja yanabanana, korodani zinapata joto kuliko zinavyotakiwa.

Sisemi kila mwenye kitambi ni mgumba. Tunawajua wenye matumbo makubwa na watoto saba. Lakini mwanaume mnene ambaye mtoto haji ana mahali pa kuanzia pasipohitaji duka la dawa. Mwaka 2022 utafiti wa Denmark uliwafuatilia wanaume 56 wanene waliokula chakula cha kalori 800 tu kwa siku kwa wiki 8, chini ya uangalizi. Walipungua wastani wa kilo 16.5, na wingi wa mbegu kwa kila mililita ukapanda kwa karibu nusu. Waliofanikiwa kukaa na uzito mdogo mwaka mzima walibaki na faida ile. Waliorudia unene, mbegu nazo zilirudi chini. (Usijaribu kalori 800 mwenyewe nyumbani, hasa kama una kisukari.)

Sindano za gym: hapa ndipo penye hatari

Kijana anataka kifua. Au mwanaume wa miaka 38 anajisikia mchovu, hamu imepungua, rafiki anamwambia "kachome testosteroni, utakuwa simba". Anachoma. Wiki za mwanzo kweli anajisikia simba. Misuli inakuja, hamu inarudi, mkewe anashangaa.

Lakini chini huko kiwanda kimefungwa. Ubongo umeona testosteroni tele kwenye damu, na estrojeni tele iliyotokana na hiyo testosteroni, ukakata LH na FSH. Korodani zinaacha kutengeneza ya kwao. Zinasinyaa. Mbegu zinakwisha. Wengine matiti yanaanza kuuma na kukua, na hiyo ndiyo estrojeni ikijionyesha waziwazi.

Mtu akikuambia hizo ni porojo, mpe hii. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu testosteroni kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Ndiyo, uzazi wa mpango. Matokeo yalitolewa mwaka 1990: wanaume 271 walichomwa miligramu 200 kila wiki, na 157 kati yao wakafikia hali ya kutokuwa na mbegu hata moja kwenye manii. Dawa ambayo mtu anachomwa ili "awe mwanaume zaidi" ndiyo ile ile iliyojaribiwa kuzuia mimba.

Habari njema ni kwamba kwa wengi mbegu hurudi baada ya kuacha. Huchukua miezi, wengi ndani ya mwaka mmoja, wengine hadi miaka miwili. Waliotumia dozi kubwa kwa miaka, na kuchanganya dawa nyingi, wanaweza kungoja zaidi, na wapo ambao hali hairudi kama zamani. Miongozo ya madaktari wa Marekani inasema wazi kwamba mwanaume anayetaka mtoto sasa au hivi karibuni asiandikiwe testosteroni. Kama umewahi kuchomwa, hata mara chache, mwambie daktari. Usione aibu. Bila taarifa hiyo anaweza kuhangaika na vipimo vya gharama kutafuta kitu ambacho wewe unakijua tayari.

Hapohapo tuseme jambo jingine. Nguvu za kiume ni kitu kimoja, uwezo wa kuzalisha ni kitu kingine. Mwanaume anaweza kusimama imara na kutoa manii mengi, na ndani yake kusiwe na mbegu hata moja. Mbegu ni sehemu ndogo sana ya manii, huwezi kuzikadiria kwa macho. Ndiyo maana kusema "mimi niko vizuri, tatizo ni mke wangu" hakuna maana mpaka kipimo kifanyike. Mwanaume anahusika katika karibu nusu ya kesi za ndoa zinazokosa mtoto, peke yake au pamoja na mwenzake. Lakini mawifi na mama mkwe wanamuuliza nani? Mke anazungushwa hospitali miaka mitatu, anapigwa picha za mirija, anapelekwa kwa waganga, na mume hajawahi hata kutoa sampuli.

Vipi kuhusu kuku wa kisasa na soya?

Swali hili haliwezi kukosa. Mtaani wanasema kuku wa kisasa wanachomwa homoni na ndio wanaoota wanaume matiti. Kuku wa nyama anakua haraka kwa sababu ya uteuzi wa mbegu uliofanywa kwa miongo mingi, pamoja na chakula chenye protini nyingi. Kumchoma homoni kuku mmoja mmoja kwenye banda la maelfu hakuna faida kwa mfugaji.

Ila uvumi huu una mzizi. Huko Marekani, miaka ya 1940 na 1950, kuku waliwekewa shingoni vidonge vya estrojeni ya kutengenezwa inayoitwa diethilstilbestroli ili wanenepe. Mwaka 1959 ikasimamishwa kwa kuku. Dawa hiyo hiyo walipewa pia wajawazito wengi kwa kudhani inazuia mimba kuharibika, mpaka mwaka 1971 serikali ya huko ilipotoa tahadhari. Baadhi ya watoto wao wa kiume walizaliwa na korodani ambazo hazijashuka au walipata uvimbe wa maji kwenye epididimisi. Kwa hiyo estrojeni ya nje inaweza kweli kumdhuru mtoto wa kiume, hasa akiwa tumboni, lakini hiyo ilikuwa dawa kali, sio kuku wako wa Jumapili.

Soya ina kemikali zinazofanana kidogo na estrojeni. Tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja mwaka 2021 hazikuona ikibadilisha testosteroni wala estrojeni ya wanaume. Uji wa lishe wenye soya kunywa tu.

Vitu vingine vinavyopandisha estrojeni

Pombe nyingi ya muda mrefu, kwa sababu ini likichoka mizani ya homoni inavurugika. Wanaume wenye ini lililosinyaa mara nyingi hupata matiti na korodani ndogo.

Baadhi ya dawa za hospitali nazo huvuruga homoni au huleta matiti: spironolaktoni ya moyo na presha, vidonge vya ketokonazoli vya fangasi, na efavirenz iliyotumika sana kwenye ARV. Usiache dawa yoyote kwa sababu umesoma hapa. Mwambie aliyekuandikia, mara nyingi kuna mbadala.

Kisha kuna hali ya kuzaliwa inayoitwa Klinefelter, ambapo mwanaume ana kromosomu X mbili na Y moja. Humpata takriban mwanaume mmoja kati ya 600, na wengi hawajui mpaka siku wanapotafuta mtoto. Dalili zake ni urefu, korodani ndogo na ngumu, na wengine matiti. Mara nyingi kwenye manii hakuna mbegu, ingawa kwa baadhi yao madaktari bingwa huweza kuzipata ndani ya korodani kwa upasuaji mdogo.

Na uvimbe wa korodani. Ni nadra, lakini kuna uvimbe unaotengeneza estrojeni. Jikague ukioga. Ukigusa kitu kigumu kama punje ya hindi ambacho hakikuwepo, hata kama hakiumi, nenda hospitali wiki hiyo hiyo.

Vipimo: anza na upi?

Kama mmejaribu mwaka mzima bila kinga na mimba haijaingia, nendeni wote wawili. Mke akiwa amevuka miaka 35, msisubiri zaidi ya miezi sita.

Kwa mwanaume kipimo cha kwanza ni cha manii, na hakiumi. Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa mbegu, halafu toa sampuli maabara. Ukitolea nyumbani, ifike ndani ya saa moja, ikiwa imewekwa karibu na mwili ipate joto. Kondomu ya kawaida usitumie kukusanyia, inaua mbegu. Viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021 ni mililita 1.4 za manii, mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 42 ziwe zinatembea. Ukiwa chini ya hapo haina maana huwezi kuzaa, na jibu moja baya halitoshi. Rudia kipimo baada ya wiki kadhaa, maana hata malaria kali yenye homa inaweza kushusha mbegu kwa muda.

Majibu yakiwa mabaya, au hamu imeshuka, au matiti yameota, ndipo zinapimwa homoni kwenye damu, asubuhi: testosteroni, FSH, LH, na estradioli ikihitajika. Sio kila mwanaume anahitaji kipimo cha estradioli. Kwa maabara nyingi kiwango cha mwanaume ni kama pikogramu 10 hadi 40 kwa mililita. Baadhi ya madaktari wanatazama pia uwiano: testosteroni kwa nanogramu kwa desilita, gawanya kwa estradioli kwa pikogramu. Testosteroni 300 na estradioli 50 inakupa 6, na chini ya 10 huwafanya washuku kwamba aromatasi inafanya kazi kupita kiasi. Kabla hujapiga hesabu hiyo kwenye simu, angalia vipimo viko kwenye uniti gani, maana kila maabara ina zake.

Matibabu

Zipo dawa zinazozuia aromatasi, kama anastrozoli na letrozoli, ambazo zilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya matiti. Ipo pia klomifeni, ambayo wanawake wengi wanaifahamu. Hii inauziba ubongo usiione estrojeni, hivyo unaongeza LH na FSH. Kwa mwanaume mwenye testosteroni ya chini, zinaweza kuinua homoni, na kwa baadhi yao idadi ya mbegu. Lakini kama tatizo ni mirija iliyoziba au kiwanda chenyewe kilichokufa, hazina la kufanya.

Na sio vidonge vya kujinunulia. Mwaka 2013 watafiti wa Boston walizima homoni za wanaume wenye afya, wakawarudishia testosteroni, halafu kwa kundi moja wakazuia isigeuke estrojeni. Waliokosa estrojeni waliongezeka mafuta na hamu ya tendo ikapungua, ingawa testosteroni walikuwa nayo. Ukiendelea kuzibana muda mrefu, mifupa nayo inadhoofika, kama ya yule jamaa wa sentimita 204.

Mbegu moja inachukua siku 70 na ushee kutengenezwa, kisha wiki nyingine mbili hivi kupita kwenye epididimisi. Kwa hiyo ukianza matibabu, ukipunguza uzito au ukiacha sindano leo, kipimo cha kurudia ni baada ya miezi mitatu. Ukipima wiki ya pili unahesabu mbegu za zamani.